Gundi ya basi letu na jua la Tanga

Tangu mwezi wa Februari, kila Jumamosi asubuhi, baadhi yetu tunaoishi hapa Kingsbury, kaskazini magharibi mwa jiji la London, tumekuwa tukikusanyika nyuma ya gereji moja kulikarabati basi kuukuu ili liwe zahanati ya kutembea. Inshallah litapakiwa melini kwenda Tanga. Viti vimeshang'olewa, na madirisha sita yanazibwa kwa mabati ya alumini juu ya fremu ya chuma. Hapo ndipo maneno yalipoanza: mabati hayo yashikwe kwa kitu gani?

Mzee wetu mmoja, fundi bodi aliyefanya kazi Nairobi kabla ya kuhamia huku mwaka 1968, alikata shauri mara moja. "Wanangu, gundi ni ya viatu. Basi hupigwa ribiti." Tulimjibu kwa adabu, shikamoo mzee, mabasi ya siku hizi yanabandikwa mabati na hata vioo vyake. Hakuridhika. Na ni lazima tukiri kwamba sisi wenyewe ndio tuliompa sababu ya kutoridhika.

Mabati mawili ya kwanza tuliyabandika kwa epoksi, ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa na kugeuka ngumu kama jiwe. Tuliichagua kwa sababu namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye kasha lake ilikuwa kubwa kuliko zote dukani. Lilipokuja joto la mwezi wa Juni, pembe ya bati moja ikaachia. Duka halikuwa na kosa, wala gundi haikuwa na kosa. Tuliinunua kama anunuavyo mtu nguo kwa kutazama bei tu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Bati la alumini la mita 2, joto likipanda kwa nyuzi 40, hurefuka kwa karibu milimita 1.9. Chuma cha urefu huo huo hurefuka kwa karibu milimita 1. Kwa hiyo kila siku bati na fremu yake huvutana kwa karibu milimita nzima, na usiku hurudi. Gundi ngumu iliyopakwa nyembamba kama karatasi haina pa kupumulia, basi huachia pembeni kwanza. Gundi inayovutika kama mpira, kwa mfano poliyurethani, ikiachiwa unene wa milimita 3 hivi, huufuata mvutano huo bila kukatika. Na tukumbuke kuwa bati la rangi nzito juani Tanga huweza kupita nyuzi 60, ilhali sisi tulibandika asubuhi ya nyuzi 6.

Rai yetu basi ni kwamba epoksi ibaki kwenye vipande vidogo vinavyotakiwa kukaza, mabati mapana yapate gundi ya kuvutika, na ribiti chache za mzee zibaki pembeni kama akiba. Silikoni ya bafuni isikaribie basi hata kidogo, maana ikishagusa bati, rangi haikai tena.

Wanaodhani gundi ni jambo la utani wangefaa kujua historia ya mtaa huu. Hapa Kingsbury ndipo kampuni ya Vanden Plas ilipotengeneza bodi za magari tangu mwaka 1923 hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1979, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili kiwanda hicho kilitengeneza mabawa ya ndege ya Mosquito, ndege ya mbao iliyounganishwa kwa gundi. Mwaka 1941, huko Duxford karibu na Cambridge, Norman de Bruyne na wenzake wakatoa gundi ya Redux, iliyoweza kushika metali kwa metali, na baada ya vita ikatumika katika ndege ya abiria ya Comet. Mzee aliposikia haya alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na hizo za mbao, zilikwenda nchi za joto?"

Zilikwenda. Mwaka 1944 baadhi ya Mosquito zilivunjika huko India, na wachunguzi wakakuta viungo ambavyo gundi yake haikuwa imeshika vizuri. Kama lawama ni ya hali ya hewa au ya kazi mbovu kiwandani, watu walibishana sana. Kwetu sisi yote mawili yanatosha kututia hofu.

Kazi mbovu kwenye gundi haionekani. Ribiti ikilegea utaiona, lakini bati lililobandikwa juu ya mafuta au vumbi linang'aa sawa na lililobandikwa vizuri. Ndiyo maana saa nyingi zaidi zapasa kwenda kwenye msasa, spiriti na praima kuliko kwenye gundi yenyewe. Poliyurethani ya mrija mmoja hukauka kwa unyevu wa hewa, milimita chache tu kwa siku, na baridi ikizidi hukawia zaidi. Anayelisogeza basi siku ya pili amejidanganya.

Kuna jambo zito zaidi, nalo halikujadiliwa hata Jumamosi moja. Tarehe 10 Oktoba 2018, huko Fort Ternan nchini Kenya, basi la abiria lilianguka na paa lake likang'oka, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Hatusemi chanzo kilikuwa gundi. Tunasema tu kwamba nguzo na paa la basi ni kazi ya chuma kilicholehemiwa na fundi anayejua, na asitokee mtu wa kukata nguzo ili apate nafasi ya kabati la dawa, akidhani bati lililobandikwa litachukua mzigo wake.

Halafu yupo fundi wa kule. Siku basi litakapogongwa, litapelekwa chini ya mwembe kwa kijana mwenye mashine ya kulehemu, naye atafanya anachokijua. Poliyurethani ikipata moto hutoa mvuke wa isosayaneti, sumu inayojulikana kwa kuwatia mafundi pumu, na Umoja wa Ulaya tangu Agosti 2023 unataka mafunzo kwa kila anayefanya kazi na vitu hivyo kiwandani. Kijana wa Tanga hana mafunzo hayo, na hakuna atakayemwambia kuna gundi nyuma ya bati asipoambiwa na sisi. Wala kutuma makasha ya akiba si suluhisho kamili, kwani gundi hiyo huharibika kwa muda, na kwenye kontena la moto huwahi zaidi.

Tumependekeza maelezo yaandikwe kwa Kiswahili ndani ya mlango wa dereva: gundi gani, iko wapi, ikatwe kwa waya au kisu, usilehemu karibu nayo. Mzee amekubali, ila ameshikilia yaandikwe kwa rangi ya mafuta. Karatasi, anasema, itabanduka.