Bahari Inaanzia Mtaroni Kwetu Mazimbu

Ndugu zangu wa Mazimbu, nani kati yetu ameamka leo akamfikiria kasa?

Si ajabu kama hakuna. Sisi ni watu wa mlimani. Tukifungua dirisha tunaiona Uluguru, na bahari tunaikuta tukienda Dar es Salaam, karibu kilomita 200 kwa barabara. Habari za matumbawe na mikoko tumezoea kuwaachia watu wa Pwani.

Lakini mvua kubwa ya usiku ikikatika, hebu simama asubuhi uutazame mto Ngerengere. Maji yana rangi ya chai ya maziwa. Juu yake inaelea chupa ya soda, ndala ya mguu mmoja, nepi ya mtoto, mfuko wa nailoni uliojaa upepo. Umewahi kujiuliza vinakwenda wapi?

Ngerengere hutoka Uluguru, ukatua bwawani Mindu, ukapita kwetu ukipokea vijito vya mjini Morogoro, ukashika njia ya mashariki hadi kujimwaga katika Ruvu. Ruvu nao huwanywesha mamilioni ya watu wa Dar es Salaam na mkoa wa Pwani, kisha huingia Bahari ya Hindi jirani na Bagamoyo. Kwa hiyo jirani yetu si yule wa ukuta wa pili peke yake. Hata mvuvi wa Bagamoyo ni jirani yetu. Tunatumia mtaro mmoja, ila yeye yuko upande wa chini.

Na pale chini kuna nini? Kuna mikoko, na ndani ya mikoko kuna kitu ambacho sisi wakulima tunakielewa haraka: kitalu. Kamba hutaga mayai huko baharini. Watoto wake, wadogo mno, hubebwa na maji kujaa hadi kwenye matope ya mikoko, mahali ambapo maji baridi ya mto yanachanganyika na maji ya chumvi. Hapo wanajificha kati ya mizizi, wanakula, wanapata nguvu, kisha wanarudi baharini wakiwa wakubwa. Ni kama miche ya nyanya. Kitalu kikiharibika, shambani utapanda nini?

Tusisahau kwamba mto wetu una baraka zake. Kitalu kile kinahitaji maji baridi kutoka huku juu, na hata udongo kidogo unaoshuka na maji una rutuba yake. Shida ni kipimo. Udongo ukizidi, maji hubaki machafu muda mrefu na jua halifiki chini. Nyasi za bahari, ambazo ndizo malisho ya kasa na nguva, hudhoofika. Matumbawe hufunikwa na tope. Mbolea nayo ikizidi majini hustawisha mwani, kama inavyostawisha magugu shambani.

Na ule mfuko wa nailoni? Majini unayumba kama konyeza, yule mnyama laini ambaye baadhi ya kasa humla. Kasa akiumeza, tumbo linaziba. Upande wa kaskazini, kwenye ufuko wa Madete ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kasa majike hupanda mchangani usiku kutaga mayai. Kasa huchukua miaka mingi, 20 na zaidi, kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Umri huo, kwetu, mtoto anakuwa amemaliza shule na kuanza maisha yake. Inauma kumpoteza kiumbe aliyevumilia miaka yote hiyo kwa mfuko uliobeba nyanya za shilingi mia tano.

Basi tufanye nini, wananchi wenzangu?

Mama, unapokwenda sokoni, si kile kikapu cha ukindu kipo nyuma ya mlango? Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku, na tuliitikia vizuri kweli. Vimebaki vile vifuko vyepesi vya kufungia. Navyo vina mahali pake, na mahali pake si mtaroni.

Nyumbani, tuzungumze bila kuoneana haya habari ya kutapisha vyoo mvua inaponyesha. Najua gari la kunyonya lina gharama. Je, nyumba mbili tatu zinazopakana haziwezi kuliita siku moja na kupatana bei?

Vijana wangu wa gereji, oili chafu ni mali. Iwekeni kwenye dumu. Fundi seremala anaihitaji kupaka mbao dhidi ya mchwa. Na ninyi wa bodaboda, pikipiki inang'aa vilevile ikioshwa mbali na mto.

Kwenu wakulima wa bustani nina neno refu kidogo, maana mchicha na matembele yenu ndiyo yanayotulisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetenga mita 60 kutoka ukingo wa mto, zisifanyiwe shughuli zinazoweza kuudhuru. Najua kwamba kwa mwenye bustani ndogo, hatua hizo ni chakula cha watoto. Mnakumbuka waliyosimulia wazee? Wakoloni walipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, udongo usio na rutuba ukapandishwa juu, mazao yakakataa, na mwaka 1955 ghasia zikatokea Matombo. Amri bila mazungumzo haikuuponya mlima. Kwa hiyo tukae na viongozi wetu wa mtaa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) walioko hapahapa Kampasi ya Solomon Mahlangu, tuulizane namna ya kurudi nyuma kidogo kidogo bila mtu kukosa riziki. Wakati tunajadiliana, ukingoni tuache matete na mikuyu isimame. Na bomba la kupulizia dawa lisisuuziwe mtoni. Maji ya kusuuzia yarudishe shambani kwenye mimea uliyoipulizia.

Walimu, mnaweza kuwatembeza watoto hadi mtoni na kuwauliza maji haya yanakwenda wapi? Watarudi nyumbani na kutuuliza sisi.

Mvua za kwanza ndizo zinazokomba taka zote zilizolala mitaroni wakati wa kiangazi. Tuziwahi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima, na safari hii naomba tuanzie kwenye mtaro. Njoo na kiroba kitupu, na viatu vigumu maana kuna chupa zilizovunjika. Mimi nitakuwa hapo saa 12:30 asubuhi na koleo mbili. Moja ni ya atakayefika wa kwanza.