Michezo: Bao Moja Halitoshi

Tuliingoja fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa miaka 39. Juni 27, 2019, mjini Cairo, Taifa Stars walicheza na Kenya. Dakika ya 6 Samatta alipiga, kipa akautema mpira, Msuva akafunga. Olunga wa Kenya akasawazisha. Dakika iliyofuata Samatta akafunga la pili. Mapumziko, 2 kwa 1.

Je, kipindi cha pili tulifunga mangapi? Hata moja! Wengine huwalaumu walinzi. Mimi nalaumu mpango wa kushambulia. Mkulima gani huacha kuvuna kwa sababu debe moja limeingia ghalani? Dakika ya 62 Omolo akasawazisha. Dakika ya 80 Olunga akamaliza. Kenya 3, sisi 2.