Wachambuzi wa soka: Tusisafirie nyota zao

Wahenga walituachia methali zinazokinzana, na mwalimu asiyejihadhari hunaswa katikati. Mwaka jana, nilipokuwa nikiwafunza wanafunzi wa Kidato cha Tatu methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kijana mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono. “Mwalimu,” akauliza, “ikiwa ni hivyo, mbona Ijumaa ulikuwa ukimcheka yule mchambuzi wa redioni? Yeye si mkuu katika mambo ya soka?” Darasa zima liliangua kicheko. Nami nilicheka, lakini swali lile sikuweza kulijibu papo hapo. Makala haya ndiyo jawabu langu.

Mchambuzi niliyekuwa nikimcheka ni mmoja wa wale wanaotushauri kuhusu mchezo wa Fantasy Premier League. Kwa msomaji ambaye bado hajaambukizwa maradhi haya, nitaeleza kwa ufupi. Kila mshiriki hupewa pauni milioni 100 za kubuni, akanunue wanakandanda 15 wa Ligi Kuu ya Uingereza: makipa 2, walinzi 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Haruhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Yale wanayoyatenda uwanjani ndiyo humletea alama. Bao la mshambuliaji ni alama 4, pasi ya bao ni alama 3, na yule uliyemteua kuwa nahodha alama zake huzidishwa kwa mbili. Ukibadilisha wachezaji kupita idadi uliyoruhusiwa wiki hiyo, hukatwa alama 4 kwa kila mmoja wa ziada. Mchezo wenyewe ni wa bure, na katika misimu ya hivi karibuni washiriki wake duniani wamezidi milioni 10. Hapa kwetu Kenya huchezwa katika mabweni ya vyuo, ndani ya matatu, maofisini na, nakiri bila haya, katika majilisi ya walimu.

Palipo na soko hapakosi wachuuzi. Hivyo basi wamezuka wajuzi magazetini, redioni na katika runinga, ambao kazi yao ni kutuambia nani wa kununuliwa, nani wa kuuzwa na nani wa kuvishwa utepe wa unahodha. Je, wanastahili kuaminiwa?

Mimi nilikuwa mfuasi wao mwaminifu. Mnamo Agosti 2022, shule zikiwa zimefungwa kwa ajili ya uchaguzi mkuu, niliketi nyumbani nikiunda timu yangu ya msimu mpya. Erling Haaland alikuwa amejiunga na Manchester City, na bei yake katika mchezo ilikuwa pauni milioni 11.5. Tarehe 30 Julai alikuwa amekabiliana na Liverpool katika mechi ya Ngao ya Jamii, akapoteza nafasi ya wazi dakika za mwisho. Mchambuzi mmoja redioni, kwa sauti ya hakimu asomaye hukumu, akatuonya kwamba kijana yule hajaizoea soka ya Kiingereza, na kwamba mwenye busara angemwacha kwa miezi miwili hivi. Nilikuwa nimekwisha kumchagua. Nikamtoa. Tarehe 7 Agosti Haaland alifunga mabao 2 ugenini dhidi ya West Ham, na msimu ulipokwisha alikuwa amefunga 36, idadi ambayo haikuwa imefikiwa na yeyote katika msimu mmoja wa ligi hiyo. Mchambuzi wetu hakuomba radhi. Wiki iliyofuata alirudi hewani na ushauri mwingine, kwa sauti ile ile.

Labda utasema kwamba huyo alikuwa mchambuzi wa kiwango cha chini. Basi na tuwatazame waliobobea. Mnamo Agosti 1995, Manchester United ilipochapwa 3-1 na Aston Villa, Alan Hansen, aliyekuwa mlinzi stadi wa Liverpool, alitangaza katika runinga ya BBC kwamba timu haiwezi kushinda chochote kwa kutegemea watoto. Watoto hao, wakiwemo David Beckham na Paul Scholes, walimaliza msimu wakiwa mabingwa wa ligi na wa Kombe la FA. Miaka 20 baadaye, mnamo Desemba 2015, Gary Lineker, mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 1986, aliahidi kwamba Leicester City wakitwaa ligi ataendesha kipindi chake akiwa amevaa chupi tu. Leicester ni klabu ya mji wake, aliyoichezea mwenyewe, wala hakutarajia kuaibika. Leicester wakatwaa ubingwa, na Agosti 2016 bwana huyo akaonekana hewani na kaptura nyeupe ya ndani. Katika msimu huo, waliomnunua Riyad Mahrez katika Fantasy kwa pauni milioni 5.5 za mwanzo walivuna kuliko waliofuata majina makubwa.

Sisemi kwamba watu hawa ni wajinga. Hansen na Lineker waliijua soka kwa miguu yao. Lakini kujua soka ilivyochezwa jana ni jambo moja, na kujua itakavyochezwa Jumamosi ni jingine kabisa. Kandanda ni mchezo wa mabao machache. Mpira ukigonga mwamba badala ya kutikisa wavu, uchambuzi wa wiki nzima huwa bure. Isitoshe, habari muhimu zaidi huwa zimefichwa. Mnamo Februari 2021 ilibainika kwamba baadhi ya watu wa Aston Villa walikuwa wamemwondoa Jack Grealish katika timu zao za Fantasy, kabla ya klabu kutangaza kwamba ameumia. Kocha wao, Dean Smith, hakufurahi hata kidogo. Tazama ajabu hiyo: ukweli ulikuwa katika uwanja wa mazoezi, nao ulivuja kwa bahati mbaya, huku wajuzi wakiendelea kupiga domo studioni.

Mbona basi tunawaona kuwa wanajua? Hapa naomba walimu wenzangu wa Hisabati wanisaidie. Chukua shule yenye wanafunzi 1,024. Wapange uwanjani, kila mmoja arushe sarafu mara 10. Kwa wastani, mmoja wao atapata kichwa mara zote 10. Hana ujuzi wowote wa kurusha sarafu. Ni hesabu tu. Lakini mpeleke kijana huyo redioni, umwite bingwa wa sarafu, nasi tutampigia simu kumwomba siri yake. Wachambuzi ni wengi mno, na kila wiki hakosi mmoja wao aliyepatia. Huyo ndiye atakayesifiwa. Waliokosea hatuwakumbuki, na yule aliyepatia leo tunasahau kwamba juzi alikosea.

Jambo hili limechunguzwa hata nje ya michezo. Profesa Philip Tetlock wa Marekani aliwafuatilia wataalamu 284 wa mambo ya siasa na uchumi kwa takriban miaka 20, akachapisha matokeo mwaka wa 2005. Aligundua kwamba, kwa wastani, ubashiri wao haukuishinda sana bahati tupu. Wale waliokuwa mashuhuri zaidi katika vyombo vya habari walielekea kufanya vibaya kuliko wenzao wasiojulikana. Sababu haiko mbali. Mhariri ana ukurasa wa kujaza kila Ijumaa, na mtangazaji ana saa nzima ya kuzungumza. Anayesema “sijui” hataalikwa tena. Anayesema “nina hakika” huletewa kikombe cha chai na kipaza sauti.

Hata hivyo, haki na itendeke. Ustadi katika mchezo huu upo. Magnus Carlsen wa Norway, aliyekuwa bingwa wa dunia wa sataranji, alishika nafasi ya kwanza duniani katika Fantasy mnamo Desemba 2019. Nao watafiti wa Chuo Kikuu cha Limerick nchini Ireland walionyesha katika utafiti waliouchapisha mwaka wa 2021 kwamba wachezaji wanaofanya vyema msimu mmoja huelekea kufanya vyema katika misimu mingine pia. Wakali hao hupanga wiki kadhaa mbele, na uamuzi wao kuhusu kubadilisha wachezaji na kuteua nahodha huwa bora kuliko wa wengine. Kwa hivyo si kweli kwamba yote ni bahati. Lakini ustadi huo hujidhihirisha polepole, kwa misimu, wala hauonekani katika utabiri wa Jumamosi moja. Tena ustadi na umaarufu si pacha. Debe tupu haliachi kuvuma.

Pengine msomaji atauliza kwa nini ninaupotezea wino mchezo wa bure. Baada ya kipindi kile, kijana aliyeniuliza swali alinifuata nje ya darasa. Kumbe hakuuliza kwa utani. Kaka yake aliye chuoni alikuwa akinunua kwa M-Pesa kile kilichoitwa ubashiri wa uhakika, kutoka kwa mtu aliyejiita mchambuzi. Alianza na Fantasy, akapatia wiki mbili, akaamini kwamba amepata mwongozo wa kweli. Kisha akaingia katika kamari, na karo ya muhula ikateketea. Mama yao alikuwa ameuza ng'ombe ili kuipata. Sheria ya Kenya inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini hakuna sheria inayomzuia mtoto kujifunza kumwamini yeyote mwenye sauti nzito. Hilo sisi walimu ndio wa kulizuia.

Nilimpa kijana yule daftari. Nikamwagiza kwamba kila Ijumaa aandike aliyoyasema mchambuzi wa redioni, na kila Jumatatu aweke vema au mkasi, kama tunavyosahihisha mitihani. Baada ya wiki tatu alirudi amekunja uso. “Mwalimu,” akasema, “haya hayasahihishiki.” Akanisomea: mshambuliaji fulani anaweza kufunga iwapo atapata nafasi, mlinzi fulani ni wa kuangaliwa, fulani ni hatari, lakini usimpuuze. Mshambuliaji akifunga, mchambuzi alisema. Asipofunga, mchambuzi alisema pia. Nilimwambia kijana kwamba amekwisha kupata somo, tena bila ya msaada wangu. Kauli isiyoweza kukosea haiwezi kumfaa mtu.

Tangu hapo nina maswali matatu kwa kila mjuzi anayetaka nimsikilize. Je, ameweka kumbukumbu ya aliyoyatabiri, yakiwemo aliyokosea, mahali ninapoweza kuyaona? Je, ananipa sababu ninazoweza kuzipima mwenyewe, kama vile dakika alizocheza mtu, ratiba inayomkabili na nani hupiga penalti, au ananipa jina tu na kunitaka niamini? Na mwisho, akikosea, ni nani anayeumia: yeye au mimi? Mchambuzi anayeyapita maswali haya ninamheshimu, nami humsoma kila wiki. Wapo, ingawa si wengi, na mara nyingi hawapigi kelele.

Sasa nalirudia swali la mwanafunzi wangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ni kweli. Lakini mkuu wa methali hiyo ni mzazi au mlezi anayekuonya kwa sababu guu lako likivunjika, yeye ndiye atakayekubeba mgongoni hadi zahanati. Mchambuzi wa redioni hatakubeba. Wahenga hao hao walitwambia tusisafirie nyota ya mwenzetu, kwa kuwa iliyomfikisha yeye bandarini huenda ikatupeleka sisi mwambani.

Kwa hivyo wasikilizeni, enyi wanafunzi na walimu wenzangu. Chukueni kwao habari za majeraha, ratiba na takwimu, maana hizo ni mali. Uamuzi ubakini nao wenyewe. Mimi siku hizi huteua nahodha wangu mwenyewe, na katika ligi yetu ya majilisi bado nashikilia nafasi ya pili kutoka chini. Lakini ninapokosea, najua ni kwa nini nilikosea, na Jumatatu naweza kumweleza mwanafunzi wangu bila ya kuinamisha kichwa.