Viatu vya muuguzi ni kifaa cha kazi, si pambo la mwanaume

Mganga mkuu akipita asubuhi kwenye vyumba vya wagonjwa, anatazama kama bluzi ya muuguzi ni safi, kama glavu zipo, kama rejista imejazwa vizuri. Viatu havimo kwenye orodha yake. Kila mwanaume anakuja na alivyo navyo: mmoja viatu vya ngozi vyenye ncha alivyovaa kanisani Jumapili, mwingine baskete iliyokwisha soli, wa tatu kamambili. Na hao ndio watakaokesha kwenye sakafu ya simenti kwa muda wa saa 12, mara nyingine saa 24, wakibeba wagonjwa, wakisukuma chupa za oksijeni, wakikimbia kutoka chumba cha uzazi hadi maabara.

Goma, Bukavu, Butembo au Bunia, jambo hili linachukuliwa kuwa la mtu binafsi. Kiatu ni cha mwenye mguu, wanasema, na hospitali haina neno. Hapo ndipo kosa lilipo. Kiatu cha muuguzi, cha mbebaji wa wagonjwa na cha msafishaji ni kifaa cha kazi sawa na glavu. Kikiwa kibaya, anayeumia kwanza ni mfanyakazi, lakini anayelipa mwishoni ni mgonjwa.

Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, hospitali za mji zilijaa majeruhi kuliko vitanda. Katika siku kama hizo hakuna anayeuliza zamu inaisha saa ngapi. Mtu anasimama mpaka kazi iishe. Mwili unaweza kuvumilia mengi, ila mguu unaobanwa hauvumilii kimya. Kidole kinachoma, kisigino kinawaka, mgongo unafuata. Muuguzi anaanza kuhesabu hatua. Mgonjwa wa kitanda cha mwisho, ambaye angetazamwa kila nusu saa, anatazamwa mara moja kwa saa. Si uvivu, ni maumivu.

Waganga wanajua vizuri maradhi ya watu wanaosimama sana. Kuna utando mgumu chini ya wayo, unaotoka kisigino kwenda kwenye vidole. Ukichoka, unavimba. Dalili yake ni mtu kuamka asubuhi na kuona hatua za kwanza zinamchoma kisigino kama msumari, kisha maumivu yanapungua akishatembea kidogo. Kuna mishipa ya miguu inayovimba na kujikunja. Kuna fangasi kati ya vidole, kwa sababu kiatu kilicholoa jasho usiku kinavaliwa tena kesho kabla ya kukauka. Kiatu kizuri hakiondoi yote hayo, na hakichukui nafasi ya kukaa chini dakika chache. Kiatu kibaya kinayazidisha yote.

Hapa Kivu kuna sababu nyingine inayofanya kiatu kiwe kigumu kuchagua: barabara. Tangu lava ya Nyiragongo ipite katikati ya Goma tarehe 17 Januari 2002, mitaa mingi ya mji imebaki na mawe meusi yenye makali, yanayokula soli kama msasa. Bukavu ni milima na matope. Muuguzi asiye na pesa ya kulipa motari anatembea kwa mguu, na kiatu chake kinafika hospitalini kimeshafanya kazi ya kutwa. Ndiyo maana ushauri wa kwanza ni huu: viatu vya barabarani visiwe viatu vya gadi. Jozi moja ibaki hospitalini, ndani ya mfuko au kabati, isitoke nje. Inadumu zaidi. Tena, damu, matapishi na vijidudu vya chumba cha wagonjwa havifuatani na baba hadi kwenye sakafu ambapo mtoto wake anatambaa.

Namna ya kununua nayo ina adabu yake. Wengi wananunua sokoni asubuhi, wakitoka kulala, mguu ukiwa mdogo. Ifikapo jioni mguu umevimba na kiatu kinabana. Anayenunua kwa ajili ya kazi ya kusimama aende sokoni alasiri, akiwa na soksi zilezile atakazovaa kazini. Kabla ya kwenda, asimame juu ya karatasi, achore mguu wake kwa kalamu, kisha akate mchoro huo. Achore miguu yote miwili, kwa sababu mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwenziwe, na kiatu hununuliwa kwa kipimo cha ule mkubwa. Akifika sokoni aingize karatasi ndani ya kiatu. Ikijikunja pembeni, kiatu ni chembamba, hata kama namba iliyoandikwa ni 43 na yeye huvaa 43. Namba hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, karatasi haidanganyi.

Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya sentimita moja hivi. Kisigino kishikwe vizuri, kisipande na kushuka wakati wa kutembea. Mnunuzi akibonyeza sehemu ya nyuma kwa vidole, isilale kama karatasi. Akikikunja kiatu kwa mikono miwili, kikunjike pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati ya wayo, hakina mgongo. Akikipinda kama anayekamua nguo, kisikubali kirahisi. Kisigino kisizidi sentimita tatu. Halafu avivae vyote viwili na kutembea kwenye ardhi ngumu, si juu ya kartoni ambayo mwuzaji amemtandikia. Wauzaji wanasema kiatu cha ngozi "kitafunguka chenyewe". Kinachobana sokoni kitabana saa tisa za usiku.

Wengi wetu tunavishwa na chaguwa, na hakuna aibu ndani yake. Kadutu au Birere mtu anaweza kupata kiatu kilichotengenezwa Ulaya kwa ajili ya wauguzi na wapishi, kwa bei ambayo kipya kisingepatikana. Mwuzaji atasema tu: "Mukubwa, hii ni ya Bulaya kabisa, haiishi!" Kinaisha. Cha kwanza, mnunuzi akigeuze na kutazama soli. Ikiwa imelika upande mmoja wa kisigino, kiatu kimeshazoea mwendo wa mtu mwingine na kitaupinda mguu mgeni. Cha pili, abonyeze povu la soli kwa kidole gumba. Kuna soli ambazo zikikaa miaka mingi ghalani zinakauka na kuvunjika vipande vipande, hata kama kiatu hakijavaliwa na kinang'aa. Cha tatu, atafute maandishi ndani ya ulimi wa kiatu au chini ya soli. Namba ISO 20347 inaonyesha kwamba kiatu kilitengenezwa kwa ajili ya kazi. Herufi SRC kwenye vya zamani, au SR kwenye vipya, zinaonyesha kilipimwa kisiteleze. Herufi hizo zina maana ikiwa mifereji ya soli bado ipo. Soli iliyokuwa laini kama sabuni haiokolewi na herufi.

Kuteleza si jambo dogo. Sakafu ya hospitali ina maji ya kupigia deki, ina damu, ina seramu iliyomwagika. Mwanaume anayembeba mama aliyetoka kupasuliwa, akateleza, hawaanguki mmoja bali wawili. Soli ya ngozi ya kiatu cha harusi ni hatari mahali hapo, hata kama kiatu chenyewe ni cha bei kubwa.

Kuhusu kamambili, lazima isemwe wazi: hazifai kazini. Sindano ikianguka, inaangukia kwenye mguu wazi. Mkasi ukianguka, ni vilevile. Sabo za plastiki zenye matundu juu ni nyepesi na zinaoshwa upesi, lakini matundu hayo yanapitisha damu na sindano. Sabo isiyo na matundu juu, yenye mkanda nyuma ya kisigino, ni chaguo zuri kwa anayesimama ndani ya chumba cha upasuaji. Isiyo na mkanda inamlazimisha mtu kukaza vidole ili isichomoke, na haimruhusu kukimbia. Kwa muuguzi anayezunguka vyumba usiku kucha, kiatu kilichofungwa pande zote, kisichopitisha maji kwa urahisi, ndicho kinachofaa. Kwa msafishaji, bote ya mpira, pamoja na soksi za kubadilisha, maana bote haipumui.

Kiatu kioshwe pia. Maji ya klorini ya asilimia 0,5 yanayotumiwa kwenye sakafu yanaua vijidudu, ila yanakausha na kupasua ngozi. Mpira na plastiki vinavumilia zaidi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuacha viatu vya kanisani nyumbani. Mwenye uwezo wa jozi mbili avae kwa zamu, moja ikikauka kwa siku nzima huku nyingine ikifanya kazi.

Wapo watakaopinga. Wa kwanza ni wanaume wenyewe. Nchini Kongo mwanaume anatazamwa miguuni. Kiatu kinasema alisoma, analipwa, anaheshimika. Muuguzi anayeitwa "Docta" na wagonjwa hataki kuonekana ndani ya sabo kama mtu wa kuosha magari. Heshima hiyo ina uzito, na haifai kuchekwa. Lakini heshima ya muuguzi mbele ya mgonjwa haitoki kwenye ncha ya kiatu. Inatoka kwenye kufika upesi anapoitwa. Tena kiatu cheusi, chepesi, kilichofungwa, chenye soli ya mpira na kilichosafishwa vizuri hakimtii mtu aibu. Anayetaka kupendeza avae vyake vya ngozi wakati wa kutoka.

Wa pili ni wasimamizi wa hospitali. Watasema: kuna wafanyakazi ambao serikali bado haiwalipi mshahara, wanaishi kwa primu inayotoka kwenye mifuko ya wagonjwa, na leo mtu anazungumza viatu? Swali ni la haki. Jibu lake ni kwamba asiyelipwa ndiye hasa asiyeweza kununua kiatu kizuri peke yake. Tuchukue mfano tu: jozi ya dola 10 inayokufa baada ya miezi mitatu inamgharimu mtu dola 40 kwa mwaka. Jozi ya dola 30 inayofika mwaka mzima ingembakishia dola 10, pamoja na visigino vyake. Lakini maskini hana dola 30 kwa siku moja, kwa hiyo analipa 40. Hapo ndipo hospitali inapoweza kusaidia bila kutajirika kwanza: kununua jozi nyingi kwa pamoja kwa bei ya jumla, kisha kukata kidogo kidogo kwenye primu, au kulipa nusu.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamdai mwajiri ahakikishe kwamba kazi inafanyika katika hali inayofaa kwa usalama, afya na heshima ya mfanyakazi. Mtu anayefanya kazi kwenye damu akiwa na kamambili hayuko katika hali hiyo.

Na jambo hili tumeshaliweza. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola ilipoua zaidi ya watu 2 200, wengi wao Kivu ya Kaskazini na wengine Ituri, hakuna aliyeingia kwenye eneo la wagonjwa katika vituo vya matibabu bila bote. Hakuna aliyesema bote ni mambo ya mtu binafsi. Zilitolewa, zikaoshwa kwa klorini wakati wa kutoka, zikapangwa kwa namba. Miguu ilihesabiwa kuwa sehemu ya kinga kwa sababu kifo kilikuwa karibu na kilionekana. Sindano iliyoanguka sakafuni leo inaweza kubeba homa ya ini au virusi vya ukimwi, na hiyo haionekani.

Kinachohitajika si mradi mkubwa. Kila hospitali iandike mstari mmoja wa viatu kwenye bajeti yake ya mwaka, hata kama mwanzoni utawatosha wasafishaji na watu wa chumba cha upasuaji peke yao. Ikataze kamambili vyumbani, na isikataze kabla ya kutoa kitu badala yake. Iweke kabati ambamo viatu vya kazi vitabaki. Vyama vya wauguzi, vinapokwenda kudai mshahara na primu, viweke viatu kwenye karatasi hiyohiyo ya madai. Na kabla msimamizi hajamwandikia muuguzi barua ya lawama kwa kuchelewa kufika kwenye kitanda cha mgonjwa, aanze kwa kumtazama miguuni.