Mnunuzi wa nyumba Goma aanzie shuleni

Anayenunua nyumba Goma huuliza karatasi za kiwanja, maji, barabara na, tangu Mei 2021, lava ya Nyiragongo ilipita wapi. Shule huulizwa mwisho, wakati familia imeshahamia. Ni kosa la gharama. Masomo ya msingi katika shule za serikali yalifanywa ya bure Septemba 2019, madarasa yakafurika. Vita navyo vikaleta watoto wengine waliokimbia vijiji. Aliyepata bei nafuu upande wa Mugunga huishia kulipa motari kila asubuhi kumfikisha mtoto Himbi, au minervali ya shule ya binafsi. Kabla ya kutoa dola zake, mzazi apite shule ya mtaa huo saa moja na nusu asubuhi, ahesabu watoto wanaobanana kwenye benchi moja. Komisioneri hatamwambia.