Pointi za hoteli ni za nani?



Shoga yangu mmoja wa Chake Chake kanipigia simu baada ya kuona picha ya mama yangu amekaa kwenye ukumbi wa hoteli Nairobi, na buibui lake la siku zote, mbele yake kikombe cha chai. Salamu hazikuwa ndefu. Akaniuliza, "Mwenzangu, mshahara gani huo wa kulipa hoteli ile, na wewe unakaa Mbagala?" Nikacheka, nikamwambia sikulipa, nimetumia pointi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Pointi za nani?"

Alikuwa anatania, lakini mimi sikulichukua kwa utani, maana swali hilo nimewahi kulikimbia kwa muda mrefu. Na najua siko peke yangu. Wako wengi wetu tuliovuka bahari kuja kutafuta riziki Dar, tukapata kazi za maofisini upande wa Kinondoni, tukapanga vyumba Temeke ambako kodi inastahimilika, na kila baada ya mwezi tunatumwa mkoani au nje ya nchi kwa semina. Tunalala hotelini kwa fedha za wengine. Tukirudi tunakabidhi risiti, ila kuna kitu kinabaki kwenye simu zetu ambacho mhasibu hakioni.

Kwa asiyezijua, pointi hizi ni kama zile za laini ya simu: unatumia, unahesabiwa, zikijaa unapewa kitu. Upande wa hoteli, Holiday Inn na Marriott za Marekani zilianza mwaka 1983, miaka miwili baada ya shirika la ndege la American Airlines kuanza kuwahesabia abiria wake maili. Leo ziko mlangoni kwetu. Hyatt Regency ya Kivukoni, ambayo wazee bado wanaiita Kilimanjaro, ina hesabu moja na Park Hyatt ya Shangani pale Unguja. Protea za Dar zimo katika hesabu ya Marriott. Kujiunga ni bure, unataja namba yako mapokezi, basi.

Sasa fanyeni hesabu na mimi. Marriott katika hoteli zake nyingi inatoa pointi 10 kwa kila dola moja, Hyatt inatoa 5. Chumba cha dola 120 kinakupa pointi 1,200 kwa Marriott. Ikiwa usiku mmoja wa bure unadaiwa pointi 15,000, maana yake kuna mtu ameshatoa dola 1,500 ili upate usiku huo mmoja. Niambieni ni nani wa Mbagala, Tandika au Tegeta anayetoa dola 1,500 mfukoni mwake kwa kulala tu? Mimi nikienda Tanga kwa shughuli zangu nalala kwa shangazi. Kwa hiyo pointi zikionekana kwa mwanamke kama mimi, jua zimetoka kwenye fedha ya mwingine. Shoga yangu hakukosea kuuliza.

Mimi ni mratibu wa semina katika shirika moja dogo. Pointi zangu zilikuwa za namna mbili, na kwa miaka kadhaa nilizichanganya makusudi, kwa sababu zilikaa kwenye akaunti moja na kuchanganya kulinifaa. Namna ya kwanza ni za kulala: nimetumwa Arusha, nimelala siku nne, nimehesabiwa. Namna ya pili ni za kuchagua: watu arobaini wanakuja kwenye semina, mimi ndiye ninayeamua ukumbi upi na vyumba vya hoteli ipi, na hoteli ile inampa mratibu pointi zake kwa kuwaletea biashara.

Za kulala, mimi sioni ubaya wa mfanyakazi kubaki nazo, ilimradi mwajiri anajua na ameridhia. Fedha ile ingetoka vilevile, na aliyekosa kulala na wanawe ni wewe. Wakubwa wa dunia wenyewe hawakukubaliana. Marekani ilipitisha sheria mwishoni mwa mwaka 2001 kuwaruhusu watumishi wa serikali kuu kubaki na maili na zawadi za safari za kikazi. Miezi michache tu baadaye, Julai 2002, Ujerumani ikachafuka kwa sababu ya jambo hilohilo: Gregor Gysi, aliyekuwa waziri wa uchumi wa jimbo la Berlin, alijiuzulu kwa kutumia maili za safari za kikazi kwenye safari zake binafsi. Kule haki yako, huku aibu ya kuachia cheo. Kwa hiyo jibu halipo kwenye pointi zenyewe. Lipo kwenye makubaliano yako na aliyekuajiri, na sisi tumefundishwa tangu chuoni kwamba Muislamu anafungwa na masharti aliyoyakubali.

Za kuchagua ni habari nyingine kabisa. Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wa kazi hii, wanaosema "hoteli imenipa mimi, si ofisi." Mnakijua kisa cha Ibn al-Lutbiyya, kimo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya sadaka, akarudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake tukaona kama zawadi hiyo ingemfuata. Nami najiuliza hivyohivyo: ningekaa kwetu Wete naanika karafuu, ipo hoteli ingeniandikia pointi? Na tusijidanganye kwamba ni mambo ya dini peke yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiishii kwa watumishi wa serikali. Inamgusa pia mwajiriwa wa sekta binafsi anayepokea manufaa kwa shughuli za mwajiri wake. Ukishaanza kuipenda hoteli fulani kwa sababu inakujazia akaunti, hutaona tena kwamba ya jirani ina ukumbi mzuri kwa bei nafuu. Mimi hilo limenipata. Niliwahi kupeleka semina mahali ambapo mimi mwenyewe nilijua ni ghali.

Na nimefanya zaidi ya hilo. Mwaka 2022 nilitumia pointi za semina kulala usiku mmoja na mume wangu, ufukweni hukuhuku Dar. Hatukuwahi kuwa na fungate, nikajiambia tunastahiki. Usiku ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Ila mume wangu asubuhi aliniuliza swali lilelile la shoga yangu, nikamjibu kwa hasira, na hasira ile ndiyo iliyonijulisha kwamba jibu nilikuwa nalo.

Nilikaa nalo miezi. Mwisho nikaingia kwa bosi wangu, mama mmoja mtu mzima asiyependa maneno mengi, nikamfungulia akaunti kwenye simu. Za kulala akacheka, akasema, "Hizo zako, mimi nina zangu." Za semina hakucheka. Akauliza ni ngapi, akauliza za muda gani. Tukakubaliana mambo mawili: zilizobaki zitalaza wageni wa ofisi, na ule usiku mmoja nitaulipa kwa bei yake. Nikakatwa mshahara miezi miwili. Siandiki hili nisifiwe. Kuna mwenzangu ofisini hanisemeshi vizuri tangu siku ile, kwa sababu na yeye ilibidi afungue simu yake.

Zilizobaki kuwa zangu hazikuwa nyingi, lakini zilitosha siku tatu Nairobi. Na wala sikutaka kuzikalia, maana akaunti ikikaa miezi 24 bila kuguswa zinafutika, na kuna watu wanazilea kama dhahabu ya arusi mpaka zinapotea. (Msiniulize zaka yake. Muulizeni sheikh wenu.)

Niliposema nampeleka mama kutembea, maneno yakaja: kwa nini si Makka, hoteli za kampuni hizohizo zimejaa pale karibu na Haram? Mama mwenyewe ndiye aliyejibu. "Umra nitakwenda kwa karafuu zangu. Wewe nipeleke Nairobi, nimeisikia redioni tangu sijavunja ungo."

Kaka yangu akatusindikiza, hoteli ikatuongezea kitanda. Pointi zinalipa chumba tu, hilo lijueni kabla hamjajitangaza mabwanyenye. Chai ya asubuhi haikuwemo, nauli haikuwemo. Tulipanda basi alfajiri Stendi ya Magufuli, Mbezi, tukalala Arusha kwa ajili ya magoti ya mama, kesho yake tukavuka Namanga. Viza hatuhitaji, ila hati ya kusafiria ni lazima, na pasipoti ya mama ilikuwa mpya. Gharama zote hizo niliziweka akiba kwa mchezo wa wanawake wa mtaani kwetu, zamu yangu ilipofika.

Nairobi tuliswali adhuhuri msikiti wa Jamia, ule wa kuba za fedha katikati ya mji. Tulipanda juu ya KICC, mama akakataa kusogea ukingoni. Makumbusho ya Taifa alisimama muda mrefu kwa ndovu Ahmed wa Marsabit, aliyewekewa walinzi kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1970. "Ndovu Muislamu," akasema, na askari wa makumbusho akacheka naye. Tukapita pia bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, mahali ulipokuwa ubalozi wa Marekani. Asubuhi ileile ya Ijumaa mwaka 1998 ubalozi wa Dar nao ulilipuliwa, kwetu Kinondoni, wakafa watu 11. Hapa walikufa zaidi ya 200. Mama alisoma majina ukutani polepole, moja moja, nasi tukamngoja.

Usiku wa kwanza aliniuliza nani kalipa chumba. Nikamweleza yote, pamoja na ule usiku wa ufukweni na mshahara kukatwa. Akasikiliza, akasema "haya," akageuka akalala.

Siku ya kuondoka nikamkuta amepanga kitandani sabuni ndogo za bafuni na vijichupa vya mafuta, sita kwa sita, zawadi za majirani Wete. Alikuwa hajavitia kwenye mkoba. Ananingoja.

"Na hivi," akauliza, "ruhusa?"

Nikashuka mapokezi kuuliza.