Safari ya Baridi Katika Milima ya Uskoti

Mwezi wa Januari twalitoka Glasgow kwa motakaa, tukaishika njia ya kaskazini iandamayo na ziwa Loch Lomond. Jua halikuchomoza hata ilipokaribia saa tatu, nalo lilikwisha kutua kabla ya saa kumi na moja.

Tulipokwisha kuvuka nyika ya Rannoch, yenye majimaji na theluji, tukateremkia bonde la Glencoe. Hapo tulikaa kitambo. Mwaka 1692 askari walikaribishwa humo na watu wa ukoo wa MacDonald, wakala chakula chao na kulala nyumbani mwao karibu majuma mawili. Kisha alfajiri ya tarehe 13 Februari wakawageukia wenyeji wao, wakawaua watu wapata 38. Wengine, wake kwa watoto, walikimbilia milimani wakafa kwa baridi. Nasi, tuliovaa makoti mawili mawili, hatukuweza kusimama nje hata robo saa.

Ben Nevis, mlima upitao yote ya visiwa vile, mita 1,345, hatukuuona kwa mawingu. Bali Loch Ness tuliliona, maji meusi yasiyoganda: kina chake chapata mita 230, na maji ya juu yakipoa huzama, yenye vuguvugu yakapanda mahali pake. Tukafika Inverness usiku, vidole havishiki kikombe.